Gesti Iliyopewa Jina la Bakari

Nilipofika Ruangwa kwenye arobaini ya Mama Bakari, mtu aliyenipokea begi pale barabarani alikuwa Bakari mwenyewe, ambaye pilau ya hitima yake niliwahi kuila. Nilimjua kwa nyusi. Sikuwahi kukutana naye maishani, lakini nyusi zile nilizitazama mwaka mzima kwenye picha ndogo ya pasipoti, nikazikuza kwenye kompyuta, nikazipunguza, nikazing'arisha, na mtu ukishamshughulikia hivyo huwezi kumsahau hata akikujia na mvi na meno pungufu. "Dada Asha," alisema, "karibu. Wameniambia wewe ndiye uliyeishi na mama." Nikampa pole ya msiba. Akasema wameshapoa, kama wanavyosema watu wote. Kisha akatangulia na begi langu, akiburuza mguu mmoja, nami nikamfuata nyuma na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi. Wanawake jikoni walinimalizia habari yake: aliona tangazo la kifo kwenye simu, kwenye kundi la watu wa Ruangwa walio nje, akapanda mabasi akakatiza nchi baada ya nchi, akafika juma moja baada ya mazishi. Miaka yote aliyokuwa huko hakuwahi kupiga simu hata mara moja.

Siku hizi mimi huitwa huku na kule kufundisha watu wenye biashara ndogo namna ya kujiweka mtandaoni. Mama lishe, fundi cherehani, kijana anayeuza asali. Huwaambia mambo machache tu: sema una nini, sema uko wapi, weka namba inayopatikana, weka picha ya kweli, basi. Mengine ni mbwembwe. Wananisikiliza kwa sababu nina ukali kidogo na sipendi kuzunguka. Huwa siwaambii kwamba ukurasa wa kwanza niliowahi kutengeneza ulikuwa wa gesti moja ya Ruangwa, na kwamba ulifanya kazi kuliko kurasa zote nilizotengeneza baadaye. Ulimfikia mtu yule yule uliyekusudiwa kumfikia. Laiti ungepotea njiani.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Tajiri wangu alikuwa na steshenari Nachingwea, karibu na stendi, yenye mashine ya fotokopi na kompyuta iliyounganishwa na mtandao kwa waya wa simu. Ukitaka kuingia mtandaoni uliiacha mashine ipige kelele zake, ukanywa chai, ukarudi, na mara nyingi ukaambiwa laini imekatika. Mimi nilikuwa nimetoka Mtwara na cheti cha kompyuta na maringo ya kutosha. Tajiri aliona Ruangwa kuna ofisi za wilaya na watu wanahitaji kuchapiwa barua, akanituma nikafungue tawi: kompyuta, printa na jenereta, mtandao hakuna. Nikapanga chumba kwa Mama Bakari, na kila nilipohitaji wino au mtandao nikarudi Nachingwea nyuma ya pikapu, nikifika nywele zote zimekuwa nyekundu kwa vumbi.

Gesti yake wakati huo haikuwa na jina wala kibao. Watu walisema "kwa Mama Bakari", ikatosha. Ilikuwa nyumba ya tofali za kuchoma yenye korido ndefu na vyumba kila upande, na kuta za ndani hazikufika juu kwenye bati, kwa hiyo siri ya chumba kimoja ilikuwa siri ya korido nzima. Kila chumba kilikuwa na kitanda cha mninga, chandarua kilichoshonwashonwa, beseni, na kandambili za mgeni ambazo aghalabu mguu mmoja ulikuwa mkubwa na mwingine mdogo. Uani kulikuwa na bafu la mabua na jiko lenye paa la nyasi, na jikoni humo alitawala Anastazia, Mmakua aliyezaliwa Nandagala kwa wazazi waliovuka Ruvuma wakikimbia vita. Asubuhi alituchemshia ming'oko, viazi vya porini, tukanywea chai ya rangi. Mchana ugali wa muhogo na kisamvu kilichotiwa karanga, au mbaazi, au njugumawe tukizimenya na kuzitupia mdomoni moja moja huku tukisengenya wageni. Sijala tena chakula kama kile, na nimekula kwenye mahoteli. Mama Bakari alikula kidogo, upande mmoja wa sinia, na kila mara alibakiza tonge na mboga pembeni. Mwanzoni nilidhani ni adabu za kizamani. Anastazia ndiye aliyeniambia kwamba ule ni upande wa mtoto.

Bakari alikuwa ameondoka miaka kadhaa kabla yangu. Alikwenda Mtwara na vijana wenzake, wakajificha ndani ya meli, wakiamini itawashusha Sauzi. Mmoja alirudi. Alisema mabaharia waliwagundua, wakawatupa wengine majini, yeye akabakishwa. Ilikuwa usiku, hakuona nani na nani. Ndiyo habari yote iliyofika Ruangwa, na juu ya habari hiyo kila mtu alijenga lake. Mama Bakari alijenga kwamba mwanawe hakuwa miongoni mwa waliotupwa. Kaka yake alijenga kinyume.

Kaka yake, Mzee Selemani, alikuwa akikaa Mandawa na mashamba yake ya korosho na ufuta, mtu mpole, mwenye koti la kijivu alilolivaa hata jua likiwa kali. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada zake, kwa hiyo shauri la Bakari lilikuwa mkononi mwake. Alikuja mwanzoni mwa mwaka ule, msimu wa korosho ulipokwisha, akapewa chumba jirani na changu, na baada ya chakula cha mchana nikawasikia juu ya ukuta, sauti zao zikiwa chini kama za watu wanaojadili mgonjwa aliyelala karibu.

"Mdogo wangu," alisema Mzee Selemani, "mpwa wetu amejifungua mtoto wa kiume. Watu wananiuliza jina."

"Majina yako mengi."

"La ukoo liko moja lisilo na mtu. Tumsomee hitima Bakari, tumpumzishe, jina apewe mtoto. Mimi sisemi kwa ubaya."

"Najua husemi kwa ubaya, kaka. Lakini jina lina mtu."

"Yuko wapi?"

Nilisikia kitanda kikilia, halafu sauti ya Mama Bakari ikaja ndogo sana. "Nipe mpaka korosho za msimu ujao ziokotwe. Asiposikika, fanyeni mnalotaka."

Wasiotoka kwetu huenda wasielewe uzito wa maneno hayo. Mtu wetu akifa, jina lake halitupwi; baada ya arobaini wazee hukaa, likapewa mtoto, na mtoto huyo akaitwa kwa heshima ya aliyeondoka. Lakini likishapewa ndiyo basi. Mwenyewe hasubiriwi tena, hawekewi chakula, hatajwi kama mtu wa kurudi. Mama Bakari alikuwa ameomba mwaka mmoja wa kubaki na mwana, na mzee wa watu akampa, kwa moyo safi, akiamini anampa muda wa kuzoea.

Shauri la mtandao Mama Bakari aliliokota kwa mgeni. Alikuwa mpimaji wa barabara kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye maneno mengi, anakula huku anaongea. Alilalamika barazani kwamba kabla ya kuja aliitafuta Ruangwa kwenye mtandao asipate hata gesti moja, akaja kama anayekwenda porini. Akaongeza kwamba kaka yake yuko Ulaya, na kazi yake kila akikaa kwenye kompyuta ni kuandika jina la kijiji chao aone kama kuna jipya. "Walioko mbali wote ndivyo walivyo," alisema. "Mtu akizidiwa na upweke anaandika jina la kwao." Mama Bakari alikuwa ameinama anamshikia beseni anawe. Maji yaliendelea kumiminika kutoka kwenye birika mpaka yakaisha, na mgeni alikuwa ameshatoa mikono zamani.

Kesho yake asubuhi alinijia dukani, amevaa kanga mpya.

"Mwanangu, ukiandika Ruangwa kwenye hiyo mashine yako inatoka nini?"

"Hii hapa haina mtandao, Mama. Mpaka Nachingwea."

"Haya, huko Nachingwea inatoka nini?"

"Ramani. Na habari kidogo za bei ya korosho."

"Basi niweke mimi nitoke."

Nilicheka, nikaona hacheki. Nikamweleza kwamba kuna kampuni za nje zinazokupa ukurasa bure ukikubali na matangazo yao yanayopepesa pembeni, na kwamba ukurasa wa biashara unataka mpangilio. Gesti ilihitaji wageni kweli. Karibu na stendi ilikuwa imefunguliwa nyingine yenye choo ndani, na wenye vyeo walianza kuhamia huko. Kwa hiyo nilijidanganya kwamba tunafanya biashara. Tulikaa jikoni siku nyingi tukibishana. Alitaka ukurasa uanze kwa salamu ndefu, aulizwe mgeni habari za alikotoka na za watoto. Nikamwambia mgeni wa mtandaoni hana subira hiyo. Bei alikataa kabisa isiandikwe. Alisema ni kumfukuza mtu kabla hajavua viatu. Nilipomuuliza tuiite gesti jina gani alikuwa ameshalipata. Alimwita fundi rangi, na jioni ukuta wa mbele ukawa umeandikwa kwa buluu, herufi kubwa zinazopanda mlima kidogo kuelekea mwisho: BAKARI GUEST HOUSE.

Anastazia alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama, akasoma kwa sauti. "Mama Bakari, siyo hivyo," alisema. "Nyumba hupewa jina la mtu akishakwenda. Hata sisi wa msalabani tunajua."

"Nimelishika kabla hawajalichukua," alijibu Mama Bakari. "Waje walibandue ukutani kama wanaweza."

Nilimpenda siku ile. Nasema wazi, kwa sababu baadaye watu wengi walimwita mkaidi, na mimi mwenyewe nilichoka naye mara nyingi. Alisimama pale na kanga yake mpya, mwanamke mfupi mnene, akiulinda ukuta wenye rangi mbichi, na nikaona kwamba hana kitu kingine duniani.

Halafu akaleta picha. Ilikuwa ya pasipoti, nyeusi na nyeupe, aliyopigwa Bakari kwenye studio moja Nachingwea alipomaliza darasa la saba: kola imefungwa hadi juu, macho yameshtuka, nyusi zile zimekutana. Alitaka ikae juu kabisa, kabla ya picha ya nyumba, kabla ya vyumba. Nikamwambia wageni watashangaa. Akasema wageni watapita chini yake, hainyimi mtu kitanda. Chini ya picha akataka maneno aliyoyatamka taratibu ili niyaandike sawasawa: Bakari, mama yako anakukumbuka siku zote. Kisha ndipo nikaruhusiwa biashara yangu: vyumba safi, chandarua, maji ya moto, chakula cha nyumbani, ukitoka stendi fuata barabara ya msikitini, mgeni piga namba hii. Namba ilikuwa ya simu aliyoinunua kwa ajili hiyo hiyo. Alikuwa hajawahi kumiliki simu.

Nilikwenda Nachingwea mvua za masika zikiwa zimeanza, pikapu ikakwama Ruponda, tukasukuma, nikafika steshenari na tope mpaka magotini na diski yangu imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Laini ilikatika na kurudi mchana kutwa. Picha ya Bakari ilishuka kwenye skrini mstari kwa mstari, kwanza nywele, kisha paji la uso, kisha nyusi, halafu ikagoma, tukamngoja kijana wa watu nusu uso huku tajiri akinung'unika gharama ya simu. Majuma yaliyofuata kila nikienda niliandika neno Ruangwa nitazame, na siku moja tukatokea, wa kwanza kabisa, juu ya ramani na juu ya korosho. Hakukuwa na ujanja wowote. Hakukuwa na mwingine. Nilipiga makofi peke yangu mle dukani, nikauchapa ukurasa ule, nikarudi nao Ruangwa nikiwa nimeubana kifuani.

Mama Bakari alisoma madrasa, herufi za Kiarabu alizijua vizuri, hizi zetu alizifuata kwa kidole. Aliufuata ukurasa wote. Anastazia alichungulia begani kwake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani.

"Hiki kitu nimekiona," alisema. "Kwenye magazeti yale ya kufungia maandazi. Picha juu, jina chini, mama yako anakukumbuka. Ule ukurasa wa marehemu."

Ilikuwa kweli. Magazeti yetu yote yana ukurasa ule, na kila mtu nchini anaujua hata asiyesoma: picha ya pasipoti, jina, na nani anamkumbuka. Nilisema tuyabadilishe maneno. Mama Bakari aliukunja ukurasa akautia kwenye kanga.

"Wale wa gazetini wanawekewa namba ya simu?" aliuliza.

"Hapana," alisema Anastazia.

"Basi. Nani aliyewahi kumwekea maiti namba ya simu."

Ilikuwa hoja nzuri, hata leo siwezi kuipinga. Na baada ya hapo neno hilo halikutajwa tena jikoni.

Wageni walikuja. Hili ndilo linaloniuma ninapofundisha, kwamba kila ninachowaambia watu nilikithibitisha kule. Walikuja watu wa miradi ya maji, wanunuzi wa ufuta, wapimaji wa madini wenye nyundo ndogo, wengine wakiwa wameuchapa ukurasa wetu na kuufuata mpaka mlangoni. Gesti yenye choo ndani ikabaki inatushangaa. Anastazia akapata msaidizi. Shuka mpya zikanunuliwa, na kandambili zikaanza kulingana. Lakini kila simu ilipolia na namba ikiwa ngeni, Mama Bakari aliipokea kwa mikono miwili akasema, "Bakari?" Ng'ambo mtu alijieleza: hapana mama, mimi ni fulani wa mradi fulani, nauliza chumba. Naye bila kubadili sauti alisema, "Karibu mwanangu, chumba kipo." Halafu alikwenda kukaa kwenye kinu kilichopinduliwa nyuma ya jiko, akarudi baada ya muda kuulizia maji ya kuoga ya wageni.

Mara nyingine simu iliita, akapokea, na hakuna aliyesema. Mtandao wa simu wenyewe ulikuwa wa kubahatisha, simu zilikatika ovyo. Yeye aliamini ni mtoto anaona haya. Basi alizungumza. Aliiambia simu kwamba mvua mwaka huu zimewahi, kwamba mkorosho wa nyuma ya bafu umeanza kutoa maua, kwamba Anastazia yupo na ulimi wake, kwamba hakuna aliyekasirika. "Hata ukija mikono mitupu," alisema. Mimi na Anastazia tulikuwa tukimenya mihogo, hatutazamani. Simu ilikuwa imekatika zamani, sote tulikuwa tukiona taa yake imezima, na hakuna kati yetu aliyekuwa na roho ya kumwambia.

Korosho zikaiva. Harufu ya mabibo ikajaa mji mzima, tamu mpaka kichefuchefu, na wanawake wakaanza kushinda mashambani wameinama. Mama Bakari alinituma Nachingwea mara kwa mara kuliko kawaida, niangalie kama picha bado iko juu. Iko juu, Mama. Labda uikuze. Nikaikuza. Akaacha kuuliza habari za mapato. Alikonda, na akanikataza nisimwambie kwamba amekonda. Siku korosho za mwisho zilipopelekwa kwenye mizani, Mzee Selemani alikuja na koti lake la kijivu, akakaa barazani, akanywa maji. Dada yake alimtazama, akaingia ndani.

Hitima ilisomwa pale pale gesti kwa sababu ndiko alikokulia. Waliletwa mbuzi kutoka Mandawa, sufuria za pilau zikapangwa nje, mikeka ikatandikwa barazani chini ya yale maandishi ya buluu. Wanaume walisoma, sauti zao zikapanda na kushuka pamoja, na mimi niliyekuwa nimekaa na kina mama nikawa natafuta mfiwa. Mama Bakari hakukaa kwenye mkeka. Alikuwa chumbani namba mbili anatandika kitanda, kwa sababu siku hiyo hiyo walikuwa wamepiga simu wageni wawili kutoka Lindi, wameuona ukurasa, wanakuja. Shangazi mmoja alimfuata amshike mkono, naye Mama Bakari akamtoa mlangoni kwa adabu. "Mna msiba wenu," alimwambia. "Mimi nina wageni." Mtoto, ambaye mwaka mzima aliitwa jina la utoto tu, aliletwa, akapakatwa na Mzee Selemani, akaitwa Bakari mbele ya watu. Mzee alilia wakati analitamka. Hakuwa mtu mbaya, na nilitamani awe mbaya ili nipate wa kumchukia. Wageni wa Lindi walifika katikati ya kula. Wakasimama mlangoni na mabegi, wanatazama umati, kisha ukuta, kisha umati, na mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama marehemu ndiye yule wa kwenye picha. Nikala pilau ile. Ilikuwa nzuri, na nilikuwa na njaa.

Mwishoni mwa mwaka tajiri alifunga tawi, nikaenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Siku naondoka Mama Bakari aliniuliza jambo moja tu, kama ukurasa bado upo. Nikasema upo. Akasema usiutoe. Sikuutoa; kampuni ya bure ilikuja kufa yenyewe miaka kadhaa baadaye, na kila kilichokuwemo kikafutika. Nilimpigia kila Idi. Alipokea kwa jina lile lile, nami kila mara nikasema, hapana Mama, ni Asha.

Baada ya kisomo cha arobaini, watu walipopungua, nilimkuta Bakari amekaa uani kwenye ngazi ya jiko. Lami imefika Ruangwa sasa, kuna mahoteli yenye vioo, lakini ua ule ni ule ule. Nilikaa karibu naye. Nilikuwa nimejiapiza kutouliza, nikauliza.

"Ule ukurasa. Uliwahi kuuona?"

"Niliuona," alisema. Hakushangaa hata kidogo. Nadhani alikuwa akiningoja. "Nilikuwa Durban. Kulikuwa na jamaa wa hapa hapa Mandawa, ana visenti, akanichukua kwenye duka la mtandao. Akaandika Ruangwa. Ikatoka picha yangu."

"Halafu?"

"Alicheka. Halafu akasoma, akaacha kucheka. Akanishika bega akanipa pole." Alijikuna mguu. "Nyumba ina jina langu, dada. Mama anakumbuka. Ungefikiri nini? Nilijua taarifa za meli zimewafika. Nikajua wamesoma, wamekula, jina wamegawa. Nimeshapumzishwa."

"Namba ya simu ilikuwepo."

"Niliiona. Ya wageni."

Nikamuuliza kama hakuwahi kupiga hata mara moja bila kusema neno, akasikiliza tu. Nilitaka sana aseme ndiyo. Alitikisa kichwa. Hakuwahi. Alisema wakati ule alikuwa akilala chini ya daraja, anaumwa kifua, hakudhani angefika mwaka unaofuata, na kwa kweli ukurasa ule ulimpa nafuu. Aliposema nafuu alinitazama kama anayeomba ruhusa ya kulitumia neno hilo.

"Nilisema ameshanilia akamaliza," alisema. "Kama ningepiga, angefurahi, halafu ningekufa kweli, aanze upya. Nikaona nisimpe kilio cha pili. Halafu sikufa. Miaka ikaenda, na kila mwaka ikawa vigumu zaidi kufufuka." Akanigeukia. "Niambie tu wewe uliyekuwepo. Alilia sana?"

Wanawake walikuwa wakisugua masufuria kwa majivu upande wa pili wa ua, wakiongea Kimwera, mmoja anacheka. Ningeweza kumwambia ndiyo, alilia, akapoa, akaendelea na maisha yake. Lilikuwa jambo rahisi na la huruma, na lingemtosha mpaka kufa kwake. Lakini nilimwona mwanamke yule anatandika kitanda chumba namba mbili huku nyuma yake watu wazima wanasoma, nikashindwa kumzulia machozi ambayo aliyakataa mbele ya ukoo mzima.

"Hakulia," nikasema. "Hata siku ya hitima. Alisema hakuna aliyekufa. Alikusubiri, Bakari, mpaka wiki aliyokufa."

Alibaki ametazama mbele. Kisha mabega yakaanza, halafu sauti, sauti nene mbaya ya mtu mzima ambaye hajalia siku nyingi, na wanawake wakaacha masufuria wakaja mbio na mikono yao ya majivu. Wakamzunguka, wakamwambia pole baba, vumilia, ndiyo amri ya Mungu, mama amepumzika. Walidhani analilia kifo cha mama. Nikanyanyuka nikawapisha.